Kuku Aliyeitwa Wakili

Mwanamke aliyenipangisha chumba cha mbele alikuwa mkandaji unga katika kiwanda cha mikate, kazi aliyoifanya usiku kwa miaka ishirini na sita. Mtaa mzima ulimwita Bi Hamira. Jina hilo lilimwingia kama harufu ilivyomwingia: hata akitoka kuoga, hata akivaa nguo iliyopigwa pasi sasa hivi, ukimsogelea unasikia unga uliochachuka. Mikono yake, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ilikuwa na mistari ya kuungua, mipya juu ya mikuukuu, kwa kugusa midomo ya matanuri. Hakuwa mrefu. Alikuwa na mabega ya mwanamume na sauti ndogo, na akikasirika sauti ile ilizidi kuwa ndogo, mpaka inakubidi uiname ili usikie unavyotukanwa.

Mimi ni fundi viatu. Nilikaa kibarazani kwake na ubao wangu, nyundo, gundi na sindano. Mbele yangu ilikuwa barabara, na nikigeuza shingo niliona, kupitia kichochoro cha pembeni, ua wa nyuma. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengi nimeyaona mwenyewe, na mengine nimeambiwa na wahusika, kila mmoja kwa wakati wake na kwa hasira yake.

Bi Hamira alirudi kazini saa moja asubuhi. Alivua viatu mlangoni, alikunywa kikombe kimoja cha chai amesimama, alioga, alifunga dirisha la chumba cha kulala, alishusha pazia zito la buluu na kuwasha feni. Saa mbili alikuwa amelala, saa saba mchana anaamka. "Wenzangu wana mashamba na magari," alizoea kuniambia, "mimi nina hizi saa tano." Watu wa mtaa walilijua hilo. Hata muuza maji alipofika usawa wa nyumba ile aliacha kupiga kengele.

Ua wa nyuma ulikatwa katikati na ukuta wa matofali unaofika kifuani. Ng'ambo ya ukuta aliishi wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Kiwanja kilikuwa cha baba yao. Kaka alipata nyumba hii, dada akapata ile. Wifi alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule, mwembamba, mwepesi wa ulimi. Alikuwa na tabia ya kuongea na pini mdomoni, ndiyo maana hata salamu yake ilitoka upande mmoja wa midomo, ukadhani anakudharau. Mara nyingi alikuwa anakudharau kweli.

Zamani walikuwa chanda na pete hao. Kaka alikuwa fundi bomba, mcheshi, mwenye kitambi na soga zisizoisha, na alipokuwa hai wanawake wale wawili walikuwa wakicheka naye pale uani mpaka chai inapoa. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga koki ya tangi la maji, alianguka. Moyo ulisimama. Mkewe alikuwa amelala chumbani. Wifi ndiye aliyemkuta, alipokuwa anarudi kutoka kununua uzi.

Baada ya mazishi Wifi hakuingia tena nyumba ile. Zikabaki salamu za juu ya ukuta. "Umeamkaje, wifi." "Salama, wifi." Kavu kama mkate wa juzi. Ikapita miaka miwili.

Ndipo Wifi akaja na kuku ndani ya kapu. Mtetea mweusi, kishingo asiye na manyoya shingoni, mwenye macho ya njano na mwendo wa mtu aliyechelewa mkutano. Ua wa Wifi ulikuwa mpana, nafasi ya banda ilikuwa tele. Yeye akalijenga likiegemea ule ukuta, usawa kabisa wa dirisha la Bi Hamira, hatua nne kutoka kwenye mto wake. Nilimsikia akigongelea misumari. Nikaona si sawa, nikanyamaza.

Kuku wengi wakitaga hutetea kidogo, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kubisha hodi. Huyu alitangaza. Alianza saa tatu, kabla yai halijatoka, kwa manung'uniko ya chini. Likikaribia, akapandisha. Likitoka, alisimama juu ya paa la banda akanyoosha ile shingo tupu na kulia ko-ko-ko-kwee, ko-ko-ko-kwee, mpaka saa nne na nusu. Na siku asiyotaga alitetea vilevile, nadhani kwa kulikumbuka la jana.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua sare alimuuliza Wifi, "Huyu kuku wako mbona ana kelele hivi?"

"Ndiyo kazi yake, kutetea," Wifi akajibu na pini zake. "Anaitwa Wakili."

Mtaa ulicheka siku nzima. Nami nilicheka. Nyuma ya pazia la buluu hakuna aliyecheka.

Bi Hamira alivumilia wiki moja, kisha akaenda ukutani.

"Wifi, nina ombi."

"Sema, wifi."

"Hilo banda, hebu lisogeze upande ule mwingine. Saa hizo ndiyo nalala."

Wifi alitoa pini moja mdomoni, akaichoma kwenye mkono wa gauni lake. "Kulala," akasema. "Wewe na kulala, wifi yangu."

"Nafanya kazi usiku. Unajua."

"Najua sana. Na kuku anafanya kazi mchana. Kila mtu na zamu yake."

Bi Hamira akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee mpole anayefunga miwani yake kwa uzi. Mzee alikuja saa kumi jioni. Wakili alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, amefumba macho, mtawa kamili.

"Mbona mpole?" mwenyekiti akauliza.

"Njoo saa tatu asubuhi, mzee wangu."

"Saa tatu mimi huwa nina shughuli." Akafungua daftari lake, akalipekua. Mbwa walitajwa, redio zilitajwa, taka zilitajwa. Kuku hakutajwa. Wifi akamshukuru kwa kufika na kumpa mayai mawili. Haki ikaondoka mfukoni mwa mwenyekiti, imefungwa kwa gazeti.

Bi Hamira alijaribu pamba masikioni. Alihamishia kitanda sebuleni, lakini sebule ilitazama barabara, na pikipiki si kuku, haziombwi. Mimi nilibadili ratiba yangu, asubuhi nikashona kwa sindano tu, nyundo nikaigusa baada ya saa saba. Haikusaidia. Sauti ya Wakili ilizunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa mbele kama mgeni aliyekaribishwa. Macho ya Bi Hamira yakaanza kuwa mekundu, na mikononi mwake nikaona mistari mipya ya kuungua, mitatu kwa wiki, minne.

Kisha akasahau chumvi. Alikanda karai zima la unga bila chembe ya chumvi, mikate ikaokwa, ikapakiwa, ikafika madukani, ikarudi. Msimamizi wa zamu, kijana ambaye Bi Hamira ndiye aliyemfundisha kushika mwiko, akamwita pembeni. Hakumgombeza. Alimwambia, "Mama, naona umechoka. Hebu nenda kwenye ufungaji ukapumzike."

Asubuhi ile aliporudi hakuingia ndani. Alisimama mbele ya ubao wangu, nikainama ili nimsikie.

"Miaka ishirini na sita, Fundi. Leo nimefunga mikate kwenye nailoni pamoja na watoto wa likizo. Mtu niliyemfundisha mimi ananiambia nikapumzike." Uani Wakili alianza manung'uniko yake. "Nitamla huyu."

"Utakula kuku wa watu, Bi Hamira?"

"Sijasema kuku."

Kesho yake alinunua sumu ya panya. Niliiona pakiti dirishani, na kwa siku tatu sikuweza kufanya kazi vizuri kwa kuitazama. Siku ya nne haikuwepo, na kuku alikuwa anatetea. Nikamuuliza.

"Nimeitupa chooni," akasema. "Akifa leo, kesho ataleta wawili. Tena yeye ndiye atakuwa ameonewa, mtaa utamlilia. Sitaki aonewe. Nataka aibiwe, na asijue nani wa kumshika."

Kuanzia siku hiyo alirudi kazini na mfuko mmoja umevimba. Kule kwenye ufungaji kulikuwa na kitu kimoja tu cha faida: makombo, maganda ya mikate iliyovunjika, mengi kadiri utakavyo. Siku ya kwanza alirusha kidogo ng'ambo ya ukuta, karibu na banda. Siku ya pili akayaweka juu ya ukuta. Kuku aliyatazama kwa jicho moja, kisha kwa lile jingine, akaruka. Siku ya tano makombo yalikuwa chini, upande wetu. Bi Hamira aliyamwaga kwa utaratibu, mstari mwembamba kutoka ukutani hadi nyuma ya tangi, na hapo akaweka bati kuukuu la kuokea lililojaa maranda aliyoomba kwa seremala. Katikati ya maranda alilaza yai. Halikuwa yai. Ulikuwa unga na chumvi, umefinyangwa na kuokwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe.

"Leo chumvi sikuisahau," akaniambia.

Siku ya kumi na mbili Wakili aliingia ndani ya bati lile, akajizungusha mara tatu, akatulia. Bi Hamira alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka pale, kitenge begani, hajalala. Nilichungulia kutoka kichochoroni. Baada ya nusu saa kuku alisimama, akatoka, akapanda juu ya koki ya tangi na kupiga tangazo lake. Sauti ilimpiga Bi Hamira usoni kabisa. Naye alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu banda lijengwe.

"Piga kelele, mwanangu," akasema. "Mwambie. Mwambie vizuri."

Alilichukua yai la moto, akalikaanga, akafungua dirisha la jikoni ili harufu ivuke. Wifi alikuwa ameshafika bandani, amepiga magoti, mkono umezama kwenye majani mpaka begani.

"Wifi!" akaita. "Hujaona yai langu?"

"Yai?" Bi Hamira alijibu kutoka jikoni, akitafuna. "Mimi nilikuwa nimelala, wifi."

Niliuona uso wa Wifi ulivyobadilika kwa neno lile. Nilijua kwa nini. Bi Hamira hakujua, na akadhani ni uchungu wa yai.

Yaliyofuata yalikuwa wiki tatu za starehe ya mtu mmoja. Kila asubuhi Wakili alivuka, akala, akataga, akatangaza, akarudi kwao na kushinda huko bila aibu. Wifi alisikia kelele na hakuona yai. Akaziba matundu ya banda kwa mabati. Akamtuhumu nguchiro. Akamtuhumu nyoka. Akamtuhumu muuza maji. Akawa anaacha cherehani kila robo saa kwenda kuchungulia, na sare zikachelewa, na wazazi wakaja kulalamika mlangoni kwake kwa sauti ambazo Bi Hamira alizisikiliza akiwa amejilaza, mikono chini ya kichwa. Ajabu ni kwamba alikuwa analala sasa. Akishaokota yai lake, aliingia ndani na kulala fofofo huku kuku akipasua hewa hatua mbili kutoka dirishani.

"Zile zilikuwa kelele zake," alinieleza. "Hizi ni zangu."

Mayai aliyoacha kukaanga aliyaweka kwenye kikapu chini ya kitanda. Yakafika kumi na mawili.

Jumapili moja, siku ambayo hakwenda kazini, nilisikia harufu ya keki tangu saa mbili. Saa nne akatoka amevaa gauni la kutokea, keki mikononi, ya njano iliyoiva mpaka ikapasuka juu.

"Fundi, weka nyundo chini, twende kwa Wifi. Nataka shahidi."

Wifi alipotufungulia alisimama mlangoni muda mrefu. Ilikuwa miaka miwili na miezi. Mwishowe akasogea kando. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na cherehani mbili, kaptula za buluu zimepangwa hadi dirishani, na picha ya kaka yake ukutani, yenye kitambi chake na kicheko chake. Nilikaa nikiwa nimeipa mgongo.

Wifi alikula kipande cha kwanza kwa tahadhari, kama anayetafuta mwiba. Cha pili alikula kwa njaa. Alikuwa hana pini mdomoni.

"Mkono wako hujaupoteza," akasema. "Na mayai hukuyafanyia ubahili."

"Kumi na mawili."

"Kumi na mawili! Wewe unayapata wapi, na mimi mwenye kuku sijaona hata..."

Akaitazama sahani. Bi Hamira alisubiri mpaka akahakikisha imeingia yote, kisha akaongea kwa ile sauti yake ndogo.

"Wakili ndiye aliyeyaleta. Kwa miguu yake mwenyewe, wiki tatu. Nimekula nikashiba, na leo wewe umekula, tena umesifia. Ulitaka nikose usingizi, wifi. Mimi nakula mayai yako, kisha nalala usingizi wa pono."

Nilitegemea makelele. Wifi aliweka sahani chini, akafuta vidole kimoja kimoja kwenye kitambaa.

"Unadhani nalilia mayai?" akasema. "Unajua kwa nini nililijenga banda pale?"

"Kwa roho mbaya."

"Ndiyo. Kwa roho mbaya. Unajua niliipatia wapi? Niliipatia pale kwenye tangi lako. Kaka yangu alikuita. Hakuita mara moja. Aliita na kuita, na wewe umelala. Ukalala mpaka nikaja mimi na uzi wangu mkononi nikamkuta ameshapoa. Nikasema sawa. Kama usingizi ulikuwa mtamu kuliko mume, basi nitahakikisha huuonji tena. Nilizunguka soko zima nikitafuta kuku mwenye mdomo kuliko wote. Kazi yake ni kutetea, si ndiyo? Basi anamtetea asiyeweza tena kujitetea."

Bi Hamira alibaki na kisu cha keki mkononi. "Aliita?" akasema.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Kwa miaka miwili aliamini mumewe alizimika kama taa, ghafla, bila neno. Ndivyo daktari alivyosema, na hilo ndilo lililomwezesha kuendelea kulala katika chumba kile.

"Aliita?" akarudia. "Nani kakwambia aliita?"

Wifi hakusema. Aliniahidi siku za msiba kwamba hatanitaja, naye ni mtu wa ahadi hata katika ubaya. Lakini chumbani tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa ameacha kutafuna.

"Mimi," nikasema.

Nikawaambia. Asubuhi ile nilikuwa natia kisigino kwenye buti. Nikasikia sauti kutoka uani, ya marehemu. Nikajua ni yake. Nikasema moyoni, anataka spana, au anataka chai, au ana soga mpya, ngoja nimalize mguu huu. Akaita tena. Nikagonga msumari mwingine. Mara ya tatu sauti ilikuwa ya chini, nikaona, haya, kashahudumiwa. Nikamaliza mguu wa kwanza, nikaanza wa pili. Ndipo niliposikia Wifi akipiga yowe.

Siku ya tatu ya msiba Wifi alinijia kibarazani na kuniuliza, "Fundi, wewe uko hapa kila siku. Kaka yangu alikufa kimya?" Nami nikajibu, "Aliita, dada. Aliita mara tatu. Mkewe alikuwa amelala." Kila neno katika hayo lilikuwa kweli. Nilichoacha ni kimoja tu. Lawama ni kaa la moto. Ukijikuta umelishika, la kwanza unatafuta mkono wa mwenzako wa kulitilia. Na mtu aliyelala ana mikono wazi.

Wifi akanigeukia mwili mzima.

"Wewe ulikuwa macho," akasema.

"Nilikuwa macho."

"Kutoka kwenye ubao wako hadi kwenye tangi ni hatua ngapi?"

"Kumi na tano. Labda ishirini."

"Na miguu unayo."

"Ninayo, dada."

"Huyu nimemnyima usingizi miezi mitano," Wifi akasema, akimwonyesha Bi Hamira bila kuniondolea macho. "Ameungua mikono. Amevuliwa kazi yake. Na wewe ulikuwa unatuangalia, upande huu na upande ule, unashona viatu."

Bi Hamira aliinuka, akachukua sahani yangu ya keki, ambayo nilikuwa nimeiuma mara moja tu, akaiweka mbele ya wifi yake. "Nenda, Fundi," akasema. Safari hii sikuhitaji kuinama. Sauti yake ilifika mpaka barabarani.

Walikaa ndani mpaka alasiri. Siwezi kusimulia waliyoongea kwa kuwa hawajaniambia. Nilisikia mmoja akilia, kisha wote wawili, kisha kitambo kirefu cha kimya, na halafu, nilipokuwa nimeanza kutumaini kwamba nimesahauliwa, nikasikia vicheko. Havikuwa vicheko vya heri.

Kesho yake saa moja na nusu walitokea kichochoroni wamebeba banda, mmoja huku na mmoja kule, Wakili ndani akigombana na kila hatua. Bi Hamira alikuwa bado na makombo ya kiwandani nguoni. Walilitua kibarazani, baina ya ubao wangu na mlango wa chumba changu, kiasi kwamba nikinyoosha kiwiko nagusa waya. Wifi akatoa nyundo yangu kwenye sanduku langu bila kuomba, akaligongelea miguu sakafuni kwa misumari yangu.

"Mnanifukuza?" nikauliza.

"Nani kakufukuza?" Bi Hamira akasema. "Ukiondoka utapumzika. Kaa."

Nikakaa. Kila asubuhi saa tatu Wakili hutoa maelezo yake sikioni mwangu, na wateja wananiambia nyeusi nikasikia kahawia. Mayai wanagawana wao, kila mmoja akidai mwenzake amezidisha, maana usidhani wamekuwa malaika. Mara moja Wifi alijisahau akasema, "Wewe na usingizi wako," wakanuniana wiki nzima. Lakini banda halikurudi nyuma, na pazia la buluu limetulia. Miezi miwili baadaye aliyewekwa mahali pa Bi Hamira aliharibu unga wa zamu mbili, na yule msimamizi akaja kumwomba arudi kwenye karai. Alimwacha amesimama mlangoni mpaka alipomaliza kunywa chai. "Nilikuwa napumzika," akamwambia.

Asubuhi moja alisimama mbele yangu akitoka kazini, kama zamani.

"Sema alivyoita," akasema. "Kwa maneno yake."

Nikaweka sindano chini. "Alisema, 'Mwenzangu.' Hivyo tu. 'Mwenzangu, hebu njoo.' Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alisema 'Mwenzangu,' hakumalizia."

Aliangalia barabara muda mrefu. Hivyo ndivyo marehemu alivyomwita mkewe. Lakini ni neno ambalo mtu anaweza kumwita yeyote aliye karibu, na hilo nadhani tulilifikiria wote wawili, kwa sababu aliporudisha macho kwangu yalikuwa makavu kabisa.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Kukusamehe sitakusamehe." Akavua viatu, akaingia kulala.

Siku hizi wana mchezo mmoja. Niko katikati ya kazi, kiatu kipo gotini, gundi imeshapakwa na haisubiri, nasikia kutoka uani, "Fundi!" Ni Wifi, au ni Bi Hamira aliyeamka. Naacha kila kitu, naenda mbio kupitia kichochoro. Nakuta mmoja amekaa kwenye kigoda karibu na tangi, mikono mapajani.

"Naam?"

"Hamna kitu," ananijibu. "Nilikuwa najaribu."

Narudi, nakuta gundi imekauka. Jana waliniita mara nne. Nilikwenda mara nne.